Glavu za Buyan

Tak. Kimya. Tak.

Kisu kilikuwa kinachana vijiti vya kuwashia moto jikoni, na Yahoska, aliyejikunyata chini ya mablanketi mawili, alijua kumekucha ingawa dirisha lilikuwa bado jeusi tii. Kila asubuhi Bibi Kapa alichana kijiti kimoja, akatega sikio kusikia kama amemwamsha mpangaji wake, ndipo akachana kingine. Kwa hiyo kazi ya dakika mbili ilimchukua dakika kumi. Na kila asubuhi Yahoska aliamka kwa kijiti cha kwanza kabisa, akabaki kimya bila kujigeuza, ili bibi wa watu asijue.

Ilikuwa Januari, likizo ya majira ya baridi. Yahoska alitoka Bluefields, mji wa Nikaragua ulio upande wa bahari ya Karibi, ambako watu hulala madirisha wazi mwaka mzima. Alifika Tomsk mwezi wa Septemba kusoma Kirusi kwa mwaka mmoja kabla ya kuanza masomo yake ya uhandisi. Wenzake wengi walikaa bwenini. Yeye alipanga chumba katika nyumba ya mbao ya Kapitolina Yegorovna, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Kapa. Jina la Yahoska lilimshinda bibi siku ile ile ya kwanza, akalikata likawa Yasya, na Yasya likabaki.

"Umelala vizuri?" bibi aliuliza alipomwona mlangoni.

"Fofofo, bibi."

"Mwongo. Nimesikia kitanda kinalia. Kaa ule uji."

Mwalimu wao alikuwa amewaagiza wautembee mji wakati wa likizo, kila mmoja arudi na kitu kimoja alichokiona cha kuwasimulia wenzake. Yahoska alikuwa amepanga kuona nyumba za zamani zenye madirisha ya kuchonga, halafu kupanda kilimani kwenye jumba la makumbusho, halafu kushuka mtoni. Bibi Kapa alimsikiliza, akaegemea dirisha kutazama kipimajoto kilichofungwa nje ya kioo.

"Thelathini na moja chini ya sifuri. Mikono utavaa nini?"

Yahoska akatoa glavu zake mfukoni.

"Hizi ni za kuchumia maua?"

"Nilizinunua sokoni, bibi."

"Basi zirudi sokoni."

Bibi akaenda chumbani. Kifuniko cha sanduku kikalia, na aliporudi alikuwa ameshika glavu mbili nene, za rangi ya kahawia inayokaribia wekundu, zile zisizo na vidole ila dole gumba peke yake. Yahoska alitia mkono ndani, akahisi kama ameutia kwenye mkate uliotoka jikoni sasa hivi.

"Ni manyoya ya nini haya?"

"Ya Buyan."

"Buyan ni mnyama gani?"

"Mbwa wetu," alisema bibi, akacheka alipomwona msichana amekodoa macho. "Nini sasa? Hakuchinjwa, alichanwa! Kila majira ya machipuko alipopukutika manyoya, mume wangu Rodion alimchana kwa kitana, akayaweka kwenye foronya. Miaka mitatu ya kuchana. Mimi nikasokota, nikafuma. Rodion akazivaa majira tisa ya baridi na hakuwahi kulalamika vidole."

Buyan alikwisha kufa, na Rodion alimfuata baada ya miaka miwili. Hayo Yahoska alikuwa anayajua. Ambalo hakujua ni kwamba jozi ilikuwa moja tu.

"Sufu ya kondoo iko kila duka," alisema bibi huku akimfunga skafu mpaka chini ya macho. "Buyan alikuwa mmoja. Zikilowa zinanuka mbwa, usijali. Na mbwa wakitaka kukunusa, waache wanuse."

Mwenyewe hakutoka. Mwezi wa Novemba aliteleza akirudi kutoka kwenye bomba la maji la mtaani, akakaa wiki tatu mkono umefungwa. Mkono ukapona, hofu haikupona. Tangu siku hiyo Yahoska ndiye aliyechota maji na kununua mkate, na Bibi Kapa aliiona dunia kupitia duara dogo alilolikwangua kwenye barafu ya kioo.

Kwenye tramu, gari la abiria la reli za mjini, kondakta, mama mnene aliyevaa fulana ya rangi ya machungwa juu ya koti, alimkata tiketi na kumwangalia kwa hasira.

"Vuta kofia chini! Masikio hayo unamwachia nani?"

Yahoska akaivuta. Miezi ya kwanza alidhani watu wa mji huu wamemchukia. Kila siku kulikuwa na mtu wa kumgombeza: kofia, skafu, koti halikufungwa, kwa nini anakaa kwenye jiwe la baridi. Akalia mara mbili. Baadaye akagundua kwamba wanagombezana wote, na kwamba kondakta huyo huyo akishamaliza kumgombeza mtu humwonyesha kiti chenye hita chini yake. Leo pia alimwonyesha.

Alishuka mtaa wa nyumba za mbao. Moshi ulipanda kutoka kwenye madohani ukiwa umenyooka kama uzi. Madirisha yalizungukwa na michoro ya kuchongwa, majani na maua na jua lenye miale, na kila uwazi ulikuwa umejaa theluji, hata mtu asijue wapi seremala aliishia na wapi baridi ilianzia. Kwenye geti moja palikuwa na ndege wawili wa mbao wakitazamana. Yahoska akaona ndicho kitu chake cha kuwasimulia wenzake. Akavua glavu ya kulia, akaibana kwapani, akatoa simu. Alipiga picha moja tu, simu ikazimika kwa baridi.

"Wewe binti! Pua!"

Mama mmoja aliyebeba kapu la viazi alikuwa anavuka barabara mbio mbio. Kabla Yahoska hajajibu, kapu lilikwisha wekwa chini na viganja viwili vya moto vilikwisha mkamata uso, vikimsugua pua na mashavu.

"Nyeupe kama mshumaa! Dakika tano zaidi ingebaki hapa hapa kwenye geti la watu. Kwenu hamna vioo?"

"Asante, mama... asante..."

"Asante baadaye. Ingia mahali pa joto. Kimbia!"

Akakimbia kweli, mikono mifukoni, mpaka juu ya kilima. Katika jumba la makumbusho bibi mlinzi wa chumba cha vyombo vya zamani alimtazama mara moja tu, akamketisha kwenye kiti chake mwenyewe na kummiminia chai ya chupa yake ya nyumbani. Yahoska alipovua koti ndipo alipoona. Glavu ilikuwa moja.

Kwapani hamna. Mifukoni hamna. Akakumbuka jinsi alivyoinua mikono yote miwili yule mama alipomkamata uso.

Alirudi njia ile ile, macho chini. Alichungulia chini ya magari, akafukua theluji kwa ncha ya kiatu kandokando ya barabara, akainama kwenye kila kivuli cha kahawia ambacho kiligeuka kuwa jani au kipande cha gome. Mbele ya geti la ndege wawili alipita mara nne. Mto hakuuona, na hata hakuukumbuka. Jua liliposhuka nyuma ya mapaa, ilikuwa hata saa kumi na moja haijafika, alipanda tramu ya kurudi akiwa na mkono mmoja umekufa ganzi.

Njia nzima alitunga uongo. Angeweza kuiweka hii moja juu ya rafu ya jiko, kana kwamba mwenzake iko nyuma yake inakauka. Kesho angetafuta tena. Lakini alipofungua mlango, Bibi Kapa alikuwa amesimama na taulo iliyopashwa moto mikononi.

"Bibi, nimepoteza glavu."

"Lete mikono."

"Bibi, glavu ya Buyan. Moja. Nimeipoteza."

"Nimesikia, nina masikio. Lete mikono, nimesema."

Akaizungushia taulo, akaishika hivyo mpaka vidole vilipoanza kuuma, na maumivu hayo, alisema, ni habari njema. Kisha akaichukua ile glavu iliyobaki. Aliipapasa, akaondoa kijipande cha barafu kilichonasa kwenye sufu, akaiweka mapajani. Wakala supu. Jioni nyingine zote redio ya bibi ilikuwa inaimba wakati wa supu na yeye akibishana na mtangazaji. Leo hakuifungua. Alishika tama, akawa anaingiza dole gumba lake ndani ya dole gumba la glavu na kulitoa, taratibu, pengine bila kujijua. Yahoska alitamani agombezwe.

"Ulitafuta wapi?" bibi aliuliza hatimaye.

"Kote, bibi. Barabarani, kandokando, chini ya magari."

"Chini?"

"Chini, ndiyo. Si ndiko ilikoangukia?"

Bibi Kapa aliiweka glavu mezani. Kisha mabega yakaanza kumcheza, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kilemba.

"Mama yangu we! Ameuzunguka mji mzima anatazama chini! Yasya, mwanangu, hapa kwetu kitu kikianguka hakikai chini. Theluji ikinyesha usiku mmoja tu, utakiona Aprili. Anayekikuta anakiokota, anakitundika juu, penye macho ya watu. Kwenye uzio, kwenye tawi, popote. Nani angekiacha chini? Ana roho gani?"

Yahoska akakumbuka. Alikuwa ameviona. Soksi ya mtoto kwenye ncha ya uzio, skafu iliyofungwa mtini, glavu moja moja zimevishwa nguzo kama zinapunga mkono. Tangu Novemba alikuwa anavipita, akidhani ni michezo ya watoto.

"Kesho asubuhi naenda."

"Tunaenda," alisema bibi.

"Bibi, barafu..."

"Naijua barafu. Imekuwepo kabla yako. Na glavu ya Buyan kuna anayeijua kuliko mimi?"

Lakini usiku huo, kupitia ukuta mwembamba, Yahoska alimsikia akijigeuza na kujigeuza, na sasa kitanda kilicholia hakikuwa chake.

Asubuhi Bibi Kapa alivaa tabaka juu ya tabaka, na juu ya mabuti akavaa soksi kuukuu za sufu, ili yasiteleze. Akatia chupa ya jamu ya matunda mekundu ya msituni ndani ya mkoba.

"Hiyo ya nini, bibi?"

"Ya aliyeiokota."

"Na kama hakuna aliyeiokota?"

"Yupo."

Kisha akaketi kwenye kiti cha kando ya mlango, akamwashiria Yahoska aketi pia, jinsi watu wa huko wanavyoketi kidogo kabla ya safari ya mbali. Wakakaa kimya wakiwa na makoti yao.

"Safari yenyewe vituo sita vya tramu," Yahoska alinong'ona.

"Kwangu ni mbali," alisema bibi, akasimama.

Hatua chache kutoka kwenye geti alisimama tena. Mkono wake ulikaza kwenye mkono wa Yahoska.

"Hapa ndipo nilipoteleza."

Yahoska aliona barafu tu kama barafu nyingine, imefunikwa majivu ambayo yeye mwenyewe aliyamwaga jana. Hakumvuta. Hakusema njoo, hakusema usiogope. Alisimama naye, akahesabu pumzi zao zikitoka kama mvuke wa birika, mpaka mguu wa bibi ukasogea, kisha wa pili. Wakaenda hivyo, mguu mosi, mguu pili, kama maharusi.

Kwenye tramu watu watatu walisimama kwa pamoja kumpisha. Kondakta alikuwa yule yule wa jana.

"Mama, nini kimekutoa nje baridi hii?"

"Glavu."

Kondakta hakushangaa hata kidogo. Aliwageukia abiria, akapaza sauti: "Jamani! Glavu ya kahawia, ya manyoya ya mbwa, nani kaiona?"

"Kwenye uzio wa shule kuna ya bluu," alisema mzee mmoja.

"Ameuliza kahawia, baba, siyo bluu!"

"Nasaidia tu!"

"Mtaa gani?" aliuliza msichana aliyekaa nyuma. Yahoska akamwambia, na msichana akasema leo hajapita huko, ila akipita atatazama. Bibi Kapa alikuwa amenyooka kitini, mashavu mekundu, akitazama nje kupitia dirisha zima.

Katika mtaa wa nyumba za mbao walitembea macho juu. Yahoska alijihisi kama amepewa mji mwingine. Kwenye uzio wa kwanza palikuwa na kiatu cha mtoto mchanga. Kwenye tawi la mti, glavu ya ngozi, nyeusi. Mbele kidogo, funguo zimefungwa utepe mwekundu ili zionekane. Ya kahawia haikuwepo. Walifika geti la ndege wawili na bibi akaanza kupumua kwa shida, naye Yahoska alijua kwamba baada ya hapo uzio umebaki mmoja tu, halafu ni kona na barabara kubwa.

Uzio huo nao ulikuwa mtupu. Kwenye ubao mmoja tu palikuwa na karatasi, imebanwa kwa kibanio cha nguo.

"Soma," alisema bibi. "Miwani nimeiacha."

Maandishi yalikuwa ya mkono, yamelala upande. Yahoska aliyafuata kwa kidole, neno kwa neno, kwa sauti.

"Glavu ya... mbwa... iko ndani. Mbwa wa mtaa wameifanyia fujo. Nimeiweka juu ya jiko. Gonga dirisha."

Bibi Kapa alimpa Yahoska mkoba, akaenda mwenyewe mpaka dirishani, akagonga.

Aliyefungua alikuwa mzee mrefu mwenye sweta lililotoboka viwikoni. Alimtazama Yahoska, akagonganisha viganja.

"Ni huyu! Jana nimegonga kioo mpaka karibu kivunjike! Anapita, macho chini, kama anahesabu sisimizi. Glavu iko juu ya kichwa chake, hapo, umbali wa mkono mmoja tu! Nikatafuta mabuti, buti moja naliona, la pili silioni. Natoka, ameshapotea konani."

"Ni mgeni," alisema bibi. "Hakujua."

"Basi sasa anajua. Ingieni, joto linatoka."

Wakatajiana majina; lake lilikuwa Innokenti Savich. Alikuwa fundi wa tramu kabla ya kustaafu, na aliishi peke yake. Jikoni mwake palikuwa na kiti kimoja, akaleta kingine chumbani, kisha yeye mwenyewe akakaa kwenye sanduku la kuni. Glavu ilikuwa juu ya jiko la matofali, imetandikiwa gazeti, imekauka.

Bibi Kapa aliichukua. Hakuipapasa safari hii. Aliivaa, akaufunga mkono, akaufungua.

"Mbwa wawili wa jirani walisimama kwa miguu ya nyuma, wanaibwekea," alisema Innokenti Savich. "Nikajua hii siyo ya kondoo. Alikuwa mwekundu, mbwa wenu?"

"Kama mbweha."

"Mkubwa?"

"Mkubwa na mjinga. Aliogopa paka." Bibi akatabasamu. "Mume wangu alimchana miaka mitatu."

Mzee akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyeambiwa juu ya kazi ngumu iliyofanywa vizuri. Kisha akatazama sakafu.

"Nina la kukiri, Kapitolina Yegorovna. Jana jioni niliivaa kidogo. Nikisoma gazeti. Nisamehe."

"Ilikutosha?"

"Ilinitosha sana."

"Basi imefanya kazi yake," alisema bibi, akatoa chupa ya jamu na kuiweka mezani.

Walikunywa chai, vikombe viwili, kisha vitatu, na jamu kwenye visahani. Innokenti Savich alitaka kujua kama huko Nikaragua kuna tramu, na aliposikia Bluefields hamna hata moja alisikitika kweli kweli. Bibi Kapa alimweleza jinsi ya kuziba mwanya wa dirisha lake kwa pamba na karatasi, akamgombeza kuhusu viwiko vya sweta, akasema alete, atavishona. Yahoska alikaa akisikiliza, na baadaye kidogo akashtuka kugundua kwamba ameelewa yote. Kitu chake cha kuwasimulia wenzake hakikuwa tena geti la ndege wawili.

"Twende, Yasya, kabla jua halijashuka," alisema bibi. "Mto tutauonea wapi? Si ulitaka kuuona mto?"

"Leo, bibi? Hujachoka?"

"Mto uko hapo chini. Nimekaa ndani miezi miwili, umeniona nachoka?"

Mzee aliwasindikiza mpaka kwenye uzio, akiwa na kofia lakini bila koti, na Bibi Kapa akamgombeza kwa hilo pia. Aliitoa karatasi yake kwenye ubao, akaikunja, akaitia mfukoni, kibanio akakiacha. Yahoska alivaa glavu zote mbili. Walikwisha piga hatua kumi, mkono kwa mkono, walipomsikia mzee akiita.

"Kapitolina Yegorovna! Njooni tena!" Alisita, akaipandisha kofia kidogo. "Hata kama hamjapoteza kitu."